Upepo wa Ngong na Magurudumu ya Meno

Msomaji, ukitazama magharibi kutoka Karen, pembeni mwa jiji la Nairobi, utaviona vilima vya Ngong, na juu yake minara myeupe yenye mabawa matatu matatu. Mitambo ya kwanza huko, miwili tu, ilisimamishwa mwaka 1993 kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji. Mwaka 2009 kampuni ya KenGen iliongeza sita iliyoundwa na Vestas ya Denmaki, kila mmoja wa kilowati 850. Na baadaye ikaongezwa mingine.

Mabawa ya mtambo kama huo huzunguka yapata mara 26 tu kwa dakika. Lakini jenereta ya kawaida yenye ncha nne za sumaku hutaka mizunguko yapata 1,500. Je, kwa nini mabawa yasikimbizwe vivyo hivyo? Piga hesabu. Kipenyo cha duara lao ni mita 52. Kwa mizunguko 26, ncha ya bawa huenda mita 71 kwa sekunde. Kwa mizunguko 1,500 ingepita mita 4,000, yaani zaidi ya mara 10 ya mwendo wa sauti. Hakuna bawa liwezalo kustahimili hayo. Ndipo sanduku la gia likatiwa kati, lizidishe mwendo karibu mara 60, kama vile mnyororo wa baiskeli uzidishavyo mwendo wa miguu yako.

Kuupata uwiano huo si kazi ngumu. Ugumu umo katika nguvu ya kusokota, ambayo ni kubwa mno pale mwendo ulipo mdogo, yaani upande wa mabawa. Kwa hiyo mafundi huweka hapo magurudumu madogo matatu yalizungukayo la katikati kama sayari zilizungukavyo jua, ili yagawane mzigo. Tena upepo wa vilimani hauvumi sawasawa; huja kwa dharuba, na kila dharuba huyapiga meno ya gia na beringi zake.

Katika nchi nyingi masanduku yalianza kuharibika kabla ya kutimiza miaka 20 yaliyotazamiwa. Kwa hiyo, katika miaka ya 1990, kampuni ya Enercon ya Ujerumani iliiondoa gia kabisa, ikaunda jenereta pana iendayo pole pamoja na mabawa. Ilipona maradhi ya gia, lakini ikabeba uzito mkubwa juu ya mnara. Vestas nayo iliendelea na gia katika mitambo yake.

Basi, ukipewa siku moja kazi ya kuchagua, usianze na bei, maana rahisi ghali. Uliza kwanza dharuba kali kabisa ya mahali pale ina nguvu gani, na kama sanduku litaihimili. Uliza mafuta yake yatachujwaje, na nani atakagua beringi. Uliza pia kama barabara ya kilimani itapitisha kreni ya kulishusha likivunjika. Kwani mpaka litengenezwe, upepo utavuma bure, na mtambo hautatoa hata kilowati moja.