Elimu ya Mzabibu na Vijana Waliovushwa Bahari

Nilipokuwa mtumikiaji wa altare hapa Namanyere, katika zile asubuhi za mwezi wa Juni ambazo baridi ya Ufipa hupenya hata ndani ya mifupa na vidole vya mtoto vikawa vigumu kama vijiti, kazi niliyopewa ilikuwa kubeba vichupa viwili vya kioo, kimoja cha maji na kimoja cha divai, na kumfikishia padre bila ya kumwaga hata tone moja. Harufu ya kile kichupa cha pili ilinishughulisha kuliko sala. Haikuwa harufu ya kimpumu, pombe ya ulezi, niliyoizoea uani kwa babu, bali ilinukia kama matunda makavu yaliyofungiwa sandukuni siku nyingi. Siku moja nilimwuliza katekista kitu kile hutoka wapi, naye akanijibu huku akipangusa kikombe, "Dodoma, mwanangu. Na kabla ya Dodoma kilitoka ng'ambo." Jibu lile lilinikaa moyoni hata utu uzima, na miaka mingi baadaye, niliposoma habari za msaada wa masomo unaowapeleka vijana wa mataifa mbalimbali Ulaya kujifunza kilimo cha zabibu na utengenezaji wa divai, nilirudi kwenye swali lile la utotoni nikiwa na hamu ya kulifuata tangu shina lake.

Atakaye kujua jinsi kitu kilivyotufikia aghalabu hana haja ya kwenda mbali kuliko lugha yake. Kiswahili kina maneno matatu kwa mambo ya mmea huu, na kila neno lilishuka katika chombo cha taifa jingine. Zabibu ni neno la Kiarabu, na kwa asili yake ni tunda lililokaushwa, kwa sababu tunda bichi lisingeweza kustahimili safari ya jahazi kutoka Maskati hata Unguja. Ndiyo maana watu wa pwani walilijua tunda likiwa limekwisha kusinyaa, wakalitia katika pilau ya Idd na ya harusi kabla hawajauona mti wake. Mvinyo waliuacha Wareno, pamoja na meza na gereza. Divai, ambalo ndilo neno la kanisani na ndilo letu sisi watu wa huku, ni maneno mawili ya Kifaransa, "du vin", yaliyoungana midomoni mwa wasikilizaji hata yakawa neno moja. Basi zabibu na mvinyo vilifika kwa tanga na biashara, lakini divai ilitufikia kwa vinywa vya walimu.

Walimu hao kwetu walikuwa Mapadre Weupe, shirika lililoasisiwa mjini Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, ambaye baadaye alipewa ukardinali. Zama hizo Algeria ilikuwa imetoka katika njaa na maradhi makuu, mayatima wametapakaa njiani, na askofu akawakusanya. Kisha akapata ardhi mahali palipoitwa Maison-Carrée, kando ya mji, ambako vichaka viling'olewa na mizabibu ikapandwa. Tangu mwanzo, basi, shirika lililokuja kuhubiri Ufipa lilikuwa shirika la watu waliojua jembe la shamba la zabibu. Mwaka 1885 mapadre hao walikabidhiwa ngome ya Karema, ambayo Wabelgiji walikuwa wameijenga tangu 1879 kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, na kutoka huko wakaenea kando ya ziwa, Kirando na Kala, kisha wakapanda uwanda wa juu mpaka Kate, Mwazye na Chala. Kwa kuwa sheria ya Kanisa haikubali misa ila kwa divai ya zabibu halisi isiyoharibika, ilibidi kimiminiko kile kisafiri pamoja nao kila walikokwenda, na mtu anayekumbuka kwamba njia ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora ilikuwa safari ya miezi, kila kitu kikiwa kichwani au begani mwa mpagazi, atafahamu kwa nini tone moja lilikuwa na thamani kubwa kiasi kile, na kwa nini katekista alinikazia macho nilipokuwa nikitembea na vichupa vyangu.

Hapa sharti nisimame kwa mtu mmoja, kwani historia ya mwanafunzi aliyevushwa bahari ili aje afae nchi hii haianzi leo. Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika nchi za mto Niger, upande wa Timbuktu. Akaibwa utotoni, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, hata wamisionari walipomkomboa katika miji ya jangwani ya Algeria na kumpeleka Algiers. Mwaka 1881 Lavigerie alifungua chuo kisiwani Malta kwa ajili ya vijana wa Kiafrika waliokombolewa kama yeye, wasome utabibu katika Chuo Kikuu cha kisiwa hicho, na shauri lake katika jambo hili lilikuwa la mtu aliyefikiri sana: hakutaka vijana wale wafanywe Wazungu, kwa kuwa alihofu kwamba tabibu atakayezoea raha za miji ya Ulaya hataweza tena kukaa na mgonjwa kijijini. Atiman alihitimu, akaingia katika msafara mwaka 1888, na mwaka uliofuata akawasili Karema. Akaoa huko, mwanawe akawa padre, naye mwenyewe akatibu watu wa ziwani na wa Ufipa hata alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67. Hospitali iliyopewa jina lake ipo Sumbawanga, na wengi wetu tumelala vitandani mwake bila ya kujua kwamba jina lililo mlangoni ni la mtoto aliyeuzwa kama mbuzi upande wa pili wa Afrika.

Ni haki kusema kwamba Atiman hakuomba nafasi ile kwa hiari kama kijana wa leo anavyoomba. Alichaguliwa na kupelekwa na watu waliomkomboa. Hata hivyo mimi naona katika maisha yake kipimo kinachofaa kwa kila msaada wa masomo ya ghaibuni, nacho ni kuuliza ni wangapi waliohudumiwa na elimu ile, na kwa miaka mingapi. Madaraja yake katika mitihani hayakumbukwi na mtu yeyote pale Karema.

Turudi kwenye mzabibu. Katika mwaka ule ule wa 1868 ambao shirika la Lavigerie liliasisiwa, kusini ya Ufaransa wataalamu kadhaa, akiwamo Jules-Émile Planchon wa Montpellier, walichimba mizizi ya mizabibu iliyokuwa ikifa pasipo sababu ya kuonekana, wakakuta wadudu wadogo mno, wa rangi ya manjano, wakifyonza utomvu. Mdudu huyo, filoksera, alikuwa amekuja na miche kutoka Marekani, na kwa muda wa miaka michache aliteketeza mashamba yaliyodumu karne nyingi. Dawa ilipatikana palepale ulipotoka ugonjwa: mizabibu ya porini ya Marekani ilikuwa imemzoea mdudu, basi mkulima akichukua shina la Kimarekani na kulibebesha kikonyo cha Kifaransa, mti husimama juu ya mizizi isiyouawa na huzaa tunda lilelile la zamani. Lakini mashina ya kwanza hayakupatana na udongo wa chokaa, na mwaka 1887 mwalimu wa Montpellier aitwaye Pierre Viala alitumwa Marekani kutafuta mengine, akayapata kwa msaada wa Munson, mkulima na mtaalamu wa mizabibu wa Texas. Profesa aliyeondoka Ufaransa kwenda kuuliza shambani kwa watu wa Texas alikuwa, kwa siku zile, mwanafunzi. Tangu wakati huo elimu ya mzabibu imekuwa elimu ya kutembeleana, na hata kusini mwa bara letu, ile zabibu iitwayo Pinotage, aliyoizalisha Perold huko Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya mbegu mbili za Kifaransa, ilikuwa kazi ya mtu aliyekwenda kusoma Ujerumani na kurejea kufundisha kwao.

Katika Tanzania mzabibu ulipata makao Dodoma, na sababu yake imo katika mawingu. Ufipa hunyeshewa sana tangu Novemba hata Aprili, na unyevu unaodumu juu ya majani ya mzabibu huzaa ukungu unaoozesha matunda kabla hayajaiva. Ugogoni, yaani huko Dodoma, mvua ni chache na jua ni kali, jambo ambalo kwa mtama ni msiba lakini kwa zabibu ni neema. Wamisionari, Waitaliano wakiwa miongoni mwao, walipanda mizabibu ya misa, na jina la Bihawana linakumbukwa katika habari hiyo. Baadaye serikali ikatia mkono kwa kiwanda cha divai cha DOWICO, kituo cha utafiti na mafunzo kikasimamishwa Makutupora, na aina ya zabibu nyekundu iliyochukua jina la mahali pale ikaenea kwa wakulima wadogo wa Hombolo, Mpunguzi na vijiji vya jirani. Msomaji Mwislamu asidhani kwamba habari hii haimhusu, maana zabibu ya kula ni halali yake, na wapo wakulima wasioonja divai ambao huuza matunda yao sokoni kwa vikapu.

Nilikwenda Makutupora mara moja, wakati wa kupogoa, na niliyoyaona yalinifundisha kuliko vitabu. Katika nchi za baridi mzabibu hulala wakati wa theluji na kuamka wenyewe. Kwetu hakuna theluji, kwa hiyo mkulima ndiye anayeulaza na kuuamsha kwa mkasi, na kwa sababu hiyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Mzee aliyekuwa akifanya kazi alishika tawi kwa mkono wa kushoto, akahesabu vifundo kwa kidole gumba, kimoja, viwili, vitatu, akakata kwa mshazari juu kidogo ya kifundo cha mwisho. Baada ya muda jeraha likaanza kutoa maji safi, tone baada ya tone. Nikamwambia, "Mzee, mti unalia." Akasema, "Unalia ndiyo, lakini ungekaa kimya ningehuzunika mimi." Akanieleza kwamba akibakiza vifundo vingi mno atapata majani mengi na vishada vyembamba, na akibakiza vichache mno atakosa vyote viwili, kwamba mti wa mlimani haukatwi kama wa bondeni, na kwamba maarifa hayo aliyapata kwa kusimama nyuma ya mtu mwingine.

Ugumu mkubwa uko baada ya mavuno. Zabibu ikichumwa haingoji, na mwenye kiwanda asipokuja, mkulima ana siku chache tu kabla jasho lake halijageuka uozo. Dawa mojawapo ni kuikamua hapo hapo na kuuza kile ambacho watu wa Dodoma hukiita mchuzi wa zabibu, lakini mchuzi nao una masharti: ukichemka katika joto kali pasipo chombo cha kuupoza hupoteza harufu yake, na hewa ikiingia hugeuka siki. Mwenye kujua hamira, joto, usafi wa pipa na kipimo cha dawa ya kuhifadhi huokoa mavuno ya kijiji kizima. Watu wa namna hiyo ndio wachache.

Kwa hiyo naupa uzito ule msaada wa masomo niliousoma. Vyuo kadhaa vya Ulaya, Montpellier ikiwa kichwa chao, vimeungana kutoa shahada ya uzamili ya mizabibu na divai iitwayo Vinifera, ambayo mwanafunzi huianza kwa mwaka mmoja Montpellier na kuimalizia katika nchi nyingine, iwe Italia, Ujerumani, Hispania au Ureno. Na Umoja wa Ulaya, kwa mpango wake wa Erasmus Mundus ulioanzishwa mwaka 2004, umekuwa ukiwafadhili vijana wa mabara yote wanaoshinda katika ushindani wa masomo ya namna hii. Mwombaji hutakiwa awe na shahada ya kwanza ya kilimo au ya sayansi iliyo karibu nayo, na aimudu lugha ya Kiingereza. Masharti haya yanafikiwa na vijana wetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Kinachowapungukia aghalabu ni habari, kwani habari hufika Morogoro na Dar es Salaam na kuchoka kabla ya kufika Namanyere.

Mwezi uliopita binti wa jirani yetu, aliyesoma kilimo huko Morogoro, alinijia jioni na karatasi zake katika bahasha. "Shikamoo, mwalimu," akasema, akaketi kwenye kigoda, akanitaka nimwandikie barua ya udhamini. Nilimwuliza atakwenda kujifunza nini ambacho Ufipa haina. Akanijibu kwamba anataka kujua kama mzabibu uliobebeshwa unaweza kuishi kwenye mteremko wa kutoka huku juu hadi Kirando, ambako joto la ziwa ni jingine na ukungu wa asubuhi haukawii kuondoka, na akanionyesha ramani aliyoichora mwenyewe kwa kalamu ya risasi, yenye vijito, mawe na upande jua linakochwea. Niliandika barua ile usiku kwa taa. Asubuhi akaja kuichukua, akaikunja mara mbili, akaitia katika daftari lenye ramani, akakimbilia basi la Sumbawanga.