Duka Lisilo na Karatasi: Historia Fupi ya Kupangisha Majengo ya Biashara

Leo naweka programu kando kidogo tuzungumze kuhusu saruji na mabati. Msiondoke, maana mwishowe tutarudi kwenye hifadhidata, kama kawaida yangu.

Swali langu ni hili: nani anajua ni maduka mangapi yamepangishwa Kanyangi, kwa kodi ya shilingi ngapi, na kila mpangaji amekaa hapo kwa muda gani? Kwa wasiopajua, Kanyangi ni soko na wadi katika eneo bunge la Kitui Rural, upande ambao Kaunti ya Kitui inapakana na Makueni. Uliza swali hilohilo kuhusu jengo la ghorofa 20 katikati ya Nairobi, nawe utapata jibu. Kuna wakala, kuna mthamini, kuna kampuni inayosimamia jengo, kuna hati. Ukiuliza kuhusu soko dogo utaambiwa, "Kamwulize mwenye duka."

Msidhani ni kwa sababu taaluma yenyewe haipo. Ipo, ina maprofesa na majarida yake. Nimekuwa nikisoma historia yake jioni baada ya kazi, kwa kuwa nataka kuunda programu ya kupangisha itakayofaa masoko kama letu. Nilichokiona ni hiki: taaluma hii ilizaliwa juu ya daftari, na palipokosa daftari haikuona kitu. Lakini kuna sheria moja ya Kenya, ya mwaka 1965, iliyopaona. Nadhani sisi waandishi wa programu tunaweza kujifunza kitu kutoka kwake.

Mambo yalianzia Chicago

Haya, tuanze mbali. Mwishoni mwa karne ya 19 mji wa Chicago, Marekani, ulikuwa ukijenga majengo marefu ya ofisi kuliko watu walivyowahi kuona. Wenye majengo walikuwa na tatizo ambalo kila mwanaprogramu analijua: kila mtu alipima kwa namna yake. Je, ukipangisha ofisi, unene wa ukuta unahesabiwa? Korido je? Choo je? Mwaka 1907 wenye majengo na wasimamizi wao waliunda chama chao, ambacho leo kinajulikana kama BOMA, na mwaka 1915 chama hicho kikatoa kanuni ya kwanza ya namna ya kupima sakafu ya ofisi. Huo ni umbizo la data, ndugu zangu! Kabla ya kukubaliana umbizo, huwezi kulinganisha jengo hili na lile.

Baadaye vyuo vikuu vikaingia. Mwaka 1920 Richard Ely, mchumi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alianzisha taasisi ya kuchunguza uchumi wa ardhi. Mwaka 1925 likazaliwa jarida ambalo bado linachapishwa hadi leo kwa jina la Land Economics. Mwaka 1933 Homer Hoyt akatoa kitabu kilichofuatilia bei za ardhi za Chicago kwa miaka 100 nzima.

Hoyt aliwezaje kupata bei za miaka 100? Aliweza kwa sababu mji ule ulikuwa na kumbukumbu. Mauzo yaliandikwa, na kulikuwa na vitabu vilivyochapisha makadirio ya bei mtaa kwa mtaa. Hoyt alikuwa hodari, sikatai, lakini angezaliwa mahali pasipo na daftari hodari yake isingemfikisha mbali. Utafiti wa milki hufuata karatasi kama vile ng'ombe wafuatavyo njia ya kisimani.

Daftari lilivyofika Kenya

Huku kwetu daftari lilikuja na serikali ya kikoloni, na halikuja kwa watu wote. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya kuandikisha mashamba na viwanja vya Pwani. Mwaka 1920 ikaanza kutumika sheria nyingine iliyofuata mtindo wa Torrens. Robert Torrens aliubuni mtindo huo kule Australia Kusini mwaka 1858, na kiini chake ni rahisi: daftari ndilo ukweli. Usitafute historia ya nani alimuuzia nani tangu enzi za mababu. Tazama daftari, jina lililomo ndilo la mwenye mali. Kwa lugha yetu, chanzo kimoja cha ukweli, basi.

Tatizo ni ardhi ipi iliingia humo. Viwanja vya Nairobi na Mombasa na mashamba ya walowezi viliingia. Sehemu walizotengewa Waafrika, Ukambani ikiwemo, ziliwekwa chini ya utaratibu mwingine wa ardhi ya amana. Baada ya Uhuru mwaka 1963 ardhi hiyo ikawa mikononi mwa mabaraza ya wilaya, yaani county councils, kwa niaba ya wananchi. Usajili wa mashamba ya watu binafsi uliendelea hatua kwa hatua, lakini masoko ya mashambani yalikuwa na njia yao. Baraza linakaa, linagawa ploti, linaandika uamuzi katika kumbukumbu za kikao, kisha mwenye bahati anapewa barua. Anajenga. Anapangisha. Barua hiyo inakunjwa inawekwa ndani ya sanduku la nguo, na hapo ndipo penye "hifadhidata" yetu.

Wakati huohuo elimu ilikuwa ikijengwa Nairobi. Royal Technical College ilifungua milango mwaka 1956, na mwaka 1970 ikawa, baada ya kubadilisha jina mara kadhaa, Chuo Kikuu cha Nairobi. Huko ndiko vizazi vya wathamini na wasimamizi wa majengo vilisomea uchumi wa ardhi. Bunge likatunga sheria ya mawakala wa nyumba mwaka 1984 na ya wathamini mwaka 1985. Mwaka 1994 Profesa Paul Syagga akachapisha kitabu cha mwongozo wa uthamini kinachoitazama Kenya yenyewe, badala ya kuwaachia wanafunzi vitabu vya Uingereza peke yake. Hiyo ni kazi kubwa na inastahili heshima.

Lakini fikirini anavyofanya kazi mthamini. Ili aseme jengo lako lina thamani gani, anatafuta majengo yanayofanana nalo, anaona yaliuzwa au kupangishwa kwa bei gani, kisha analinganisha. Pasipo na rekodi za kulinganisha, mkono wake ni mtupu. Walioyatazama masoko madogo walikuwa zaidi wanajiografia. Robert Obudho, kwa mfano, mwaka 1983 alichapisha kitabu kuhusu ukuaji wa miji nchini Kenya akitaka mipango ianzie chini kwenda juu. Wanajiografia waliuliza soko liko wapi na linahudumia nani. Ni nani anamlipa nani kodi, na kwa mapatano gani, ni swali jingine.

Sheria iliyoheshimu nafasi tupu

Sasa tufike kwenye sehemu iliyonifurahisha zaidi. Mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya Uhuru, Bunge la Kenya lilitunga sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na sehemu za kuuzia chakula. Wanasheria huiita Cap 301. Mimi si wakili, kwa hiyo msinipeleke mahakamani, lakini nimeisoma kwa jicho la mwanaprogramu.

Sheria hiyo inalinda upangaji wa aina fulani. Upi? Kwanza kabisa, ule ambao haukuandikwa popote. Pili, ule ulioandikwa lakini ni wa miaka mitano au chini yake, au una kipengele kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka hiyo mitano bila mpangaji kukosa. Someni tena hapo. Aliye na mkataba mrefu uliopikwa na mawakili anajitegemea. Asiye na karatasi yoyote ndiye anayekingwa!

Na "duka" kwa maana ya sheria hiyo si la sukari na sabuni tu. Linajumuisha pia mahali panapotolewa huduma kwa malipo. Basi chukulia mshonaji nguo aliyepanga chumba kimoja sokoni miaka 12 iliyopita, kwa kupeana mkono tu na mwenye jengo. Leo mwenye jengo anataka kuongeza kodi, au anataka atoke. Hawezi kuja asubuhi na kufuli mpya. Lazima atoe notisi kwa fomu maalumu, na notisi hiyo haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili kupita tangu mpangaji aipokee. Sababu za kumtoa zimeorodheshwa: kwa mfano kodi iliyolala miezi miwili, au mwenye jengo anataka kubomoa na kujenga upya, au anataka kulitumia mwenyewe kwa mwaka mmoja au zaidi. Mpangaji asiyekubali ana nafasi ya kupeleka shauri mbele ya jopo la kodi za majengo ya biashara, linalojulikana kama BPRT, kabla tarehe ya notisi haijafika. Akikaa kimya, notisi inafanya kazi. Kwa hiyo kimya ni hatari.

Kuna shimo moja, nalo ni kubwa kwa watu wa sokoni. Upangaji ambao Serikali au serikali ya mtaa ni mmoja wa wahusika hauguswi na sheria hii. Maana yake, mwenye chumba kwa mtu binafsi ana kinga ambayo jirani yake mwenye kibanda cha serikali hana, hata kama wanauza nyanya za shamba moja.

Katika hifadhidata, nafasi tupu inaweza kumaanisha "hakuna", au "hatujui", au "ipo ila haikuandikwa". Programu nyingi huichukulia kama kosa na kukataa kuhifadhi fomu. Watunga sheria wa 1965 walielewa kuwa kwa mfanyabiashara mdogo nafasi tupu ndiyo hali ya kawaida, wakaandika kanuni inayoanzia hapo. Kompyuta zilikuwa chache mno nchini enzi hizo, lakini hawa walifikiri vizuri kuliko wengi wetu.

Kutoka barua hadi M-Pesa

Udhaifu wa karatasi ulionekana wazi mwaka 2004, wakati tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003, ilipotoa ripoti yake kuhusu ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria. Katiba ya 2010 ikabadilisha mfumo wa ardhi, na mabaraza ya zamani yakaondoka kaunti zilipoanza mwaka 2013. Tarehe 27 Aprili 2021 Serikali ikazindua Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa kwenye mtandao, ukaanzia Nairobi. Nafurahia hatua hiyo. Ila mfumo kama huo huanza na namba ya kiwanja kilichosajiliwa. Ni Torrens yuleyule, amevaa suti mpya. Barua iliyo ndani ya sanduku la nguo haina mahali pa kuingia.

Lakini kuna daftari jingine lililoingia sokoni bila kubisha hodi. Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa. Tangu mpangaji aanze kutuma kodi kwa simu, kila mwezi unaacha alama: jina, kiasi, tarehe, saa na namba ya muamala. Upangaji ambao haukuwahi kuandikwa sasa unajiandika wenyewe! Mshonaji wetu anaweza kuonyesha malipo ya miaka mfululizo. Kweli, ujumbe huo unathibitisha kuwa pesa zilitumwa, hausemi zilikuwa za nini. Dawa yake ni rahisi. Mwenye jengo akitumia namba ya malipo ya biashara, ile nafasi ya namba ya akaunti iwe namba ya chumba.

Kwa hiyo, wenzangu mnaoandika programu za kupangisha, naomba mambo matatu. Moja, msilazimishe namba ya hati wala mkataba, ruhusuni nafasi hizo zibaki tupu na mweke sababu yake. Mbili, msifute kodi ya zamani mnapoandika mpya, kwa kuwa historia ya kodi ndiyo ushahidi wa mpangaji na ndiyo data ambayo mtafiti atailia kesho. Tatu, mpangaji naye aweze kuona na kuchukua nakala ya rekodi yake, isiwe mali ya mwenye jengo peke yake. Rekodi inayoshikwa na upande mmoja ni fimbo.

Na kwa watafiti: Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU, kina makao yake makuu Kwavonza, katika eneo bunge hilihili. Kutoka hapo hadi Kanyangi huhitaji ndege. Daftari, kalamu na ruhusa ya wenye maduka vinatosha kuanza. Chicago nayo ilianza kwa watu kukubaliana namna ya kupima sakafu.

Wewe unayesoma na umepanga duka bila karatasi, usifute zile meseji za kodi. Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.