Pengo la Bilauri

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kioo hakina habari na methali hiyo. Ufa wa kioo hauzibiki. Pengo ni jambo jingine, na pengo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Bibi yangu kule Tanga alikuwa na bilauri moja nzito, iliyochongwa marembo ubavuni. Babu, aliyekuwa mpishi katika shamba la mkonge, aliachiwa na mwajiri wake mwaka 1967, mashamba yalipotaifishwa na Mzungu yule akafunga virago. Nilipokuwa na miaka saba niliigonga kwenye bomba nikiiosha, ikamegeka mdomo. Nikajua leo nimekwisha. Bibi hakunichapa. Aliipiga kwa ukucha, ikalia ngiii, akasema, "Bado inalia, mjukuu wangu. Ingepata ufa ingenyamaza." Tangu siku ile akawa anainywea upande wa pili, mpaka alipofariki.

Mbona gilasi nyingine hazilii hivyo? Swali hilo lilinipeleka hadi London, karne ya 17. Palikuwa na mfanyabiashara, George Ravenscroft, aliyewahi kuishi Venice, mji uliokuwa bingwa wa vioo. Mwaka 1674 alipewa hati ya mfalme ya kutengeneza kioo kinachofanana na jiwe angavu. Jiwe hilo ndilo Waarabu huliita kwa jina lililotupa sisi neno bilauri. Vyombo vyake vya kwanza viliugua, vikajaa nyufa nyembamba kama nywele na kufifia. Dawa yake ikawa ni kutia risasi. Gumegume na risasi, utadhani mtu anaunda bunduki! Kumbe anaunda bilauri.

Risasi ilileta uzito, mng'ao na ule mlio. Ilileta na ulaini, na hapa ndipo penye siri. Kioo laini huchongeka. Fundi alianza na gurudumu la chuma lenye mchanga na maji, akalainisha kwa gurudumu la jiwe, kisha akang'arisha kwa gurudumu la mbao lililopakwa unga wa bati na risasi. Unga huo uliwadhuru mafundi wengi. Marembo tunayoyasifu mezani yana afya za watu ndani yake.

Serikali nayo haikulala. Katika miaka ya 1740 Uingereza ilianza kutoza kodi ya kioo kwa uzito, bilauri zikakonda. Ayalandi haikutozwa, ndiyo maana kiwanda cha Waterford, kilichoanzishwa mwaka 1783, kiliweza kuchonga vyombo vinene kwa mikato mirefu. Kodi ikawafikia nao mwaka 1825. Ilipofutwa mwaka 1845 ilikuwa imechelewa. Mwaka 1851 Waterford kikafungwa, kikasubiri hadi 1947 kufufuliwa.

Basi gurudumu lile lile linalochonga ndilo linaloponya pengo. Fundi haongezi kitu. Husaga ukingo mzima, taratibu, kwenye maji, maana vumbi lake ni sumu na joto hupasua kioo. Akifika chini ya pengo hulainisha na kung'arisha. Katika nchi za baridi, wanaofanya kazi hii kwa kujifurahisha, vibandani kusiko na moto, wana sababu ya kungoja majira ya machipuko: maji ya kusagia huwa barafu, na gundi ya kushikizia kigae huchelewa kukauka. Jua likichomoza, mawe huanza kuzunguka. Ila bilauri iliyoponywa huwa fupi kuliko wenzake, na mnunuzi mjanja huitambua kwa kimo.

Mwaka jana nilirithi bilauri ya bibi. Fundi mmoja wa vioo mjini, anayenoa kingo za meza kwa mashine ya maji, aliigeuza mkononi akaniambia, "Dogo, hii milimita tatu tu, inakuwa mpya."

Milimita tatu! Lakini upande ule mwingine, milimita hizo tatu ndipo midomo ya bibi ilipogusa miaka yote ile. Nikamwambia fundi angoje kwanza, nikaifunga ndani ya kanga, nikarudi nayo nyumbani. Ingali kabatini, na bado inalia. Msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje?