Mnyauko wa Kahawa Mpakani: Ugonjwa na Jina Lake Ukitazamwa kutoka Kasese na Bwera

Mwaka 1993 wataalamu wa kahawa nchini Uganda walithibitisha kuwapo kwa ugonjwa mgeni katika mashamba ya Bundibugyo, ng'ambo ya milima ya Rwenzori ukitazama kutoka Kasese. Kufikia 2002, takriban asilimia 45 ya mibuni ya robusta nchini ilikuwa imekufa. Makala haya yanaitazama historia ya ugonjwa huo kutoka Kasese na Bwera, na kuuliza swali ambalo wanakilimo huwaachia wanaisimu, na wanaisimu huwaachia wanakilimo: jina la ugonjwa lina kazi gani katika kuuzuia?

Ugeni huo ulikuwa wa Uganda tu. Ugonjwa ulionekana mara ya kwanza 1927 katika Ubangi-Shari, ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ilichukua miaka 21 kabla ya Steyaert, mwaka 1948, kuibainisha kisayansi kuvu inayousababisha, Fusarium xylarioides. Katikati ya karne iliyopita mashamba mengi ya Afrika ya Kati na ya Magharibi yaliteketea, kisha ugonjwa ukadhibitiwa kwa kung'oa mibuni, kuichoma na kupanda aina sugu. Kazi hiyo ilihitaji wakaguzi, vituo vya utafiti na wenye mashamba wanaojulikana. Kaskazini-mashariki mwa Kongo mambo hayo matatu yalivurugika baada ya uhuru, na hatua ya 1973 ya kuwanyang'anya wageni mashamba na biashara ikaongeza mavurugiko. Ugonjwa uliibuka upya kuzunguka Isiro, ukateremka hadi Beni. Kutoka Beni, barabara hupita Kasindi na kufika Mpondwe, jirani kabisa na Bwera. Mwaka 1997 ulikuwa tayari umefika Kagera, Tanzania.

Kuvu hii huingia mtini kupitia jeraha, na majeraha mengi ni ya jembe na panga. Ikishaingia huziba mishipa inayopandisha maji. Majani hujikunja, hugeuka manjano na kupukutika; buni huiva kabla ya wakati na kubaki zimeganda matawini. Ukibandua gamba karibu na shina, utaona mbao yenye michirizi ya bluu iliyokoza. Hakuna dawa ya kuuponya mti uliokwisha kuugua. Baadaye, gamba la mti mfu huota vifuko vidogo vyeusi vyenye mbegu za kuvu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo: mbuni mkavu ni kuni nzuri, na kuni husafiri.

Historia ya misonobari ya Japani inafanana na hii. Huko miti ilianza kunyauka katika eneo la Nagasaki mwanzoni mwa karne ya 20, lakini hadi 1971 ndipo ilipothibitishwa kuwa chanzo ni nematodi, mnyoo mdogo usioonekana kwa macho, anayebebwa na mbawakawa kutoka mti hadi mti. Mbao zilizosafirishwa zilimbeba mbali zaidi kuliko mbawa za mdudu. Kwa Kongo na Uganda, mdudu huyo hahitajiki, binadamu anatosha.

Kasese ina mibuni ya aina mbili: arabika katika miteremko ya Rwenzori, robusta katika sehemu za chini. Kuvu iliyoenea Uganda hushambulia robusta na kuiacha arabika, ingawa Ethiopia ina aina nyingine ya kuvu hiyohiyo inayoua arabika. Hivyo mkulima wa mlimani na wa bondeni wamekuwa na kumbukumbu mbili tofauti za miaka ileile. Mpaka wenyewe haujawahi kuwa ukuta: Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo husikilizana bila mkalimani, na sokoni Kiswahili huziba pengo kwa wengine. Tena, Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, na miaka iliyofuata watu wengi wa Kasese na Bundibugyo waliyahama makwao. Kwa maoni yangu, ripoti za kilimo hulipa jambo hili uzito mdogo mno. Mtu aliyekimbia hawezi kung'oa mbuni unaougua.

Sasa jina. Kiswahili kimeuita ugonjwa huu mnyauko, na neno ni sahihi kwa macho. Tatizo ni kwamba mwaka 2001 ugonjwa wa bakteria uliingia kwenye migomba ya Uganda, nao ukaitwa mnyauko. Kusafisha panga kwa moto au jiki kunafaa kwa yote miwili. Lakini wa migomba huhitaji kukata ua dume kwa kijiti chenye panda, nao wa kahawa huhitaji kuchoma mti palepale ulipong'olewa. Tangazo la redio linalosema «mnyauko umeingia» humwachia msikilizaji kubahatisha. Napendekeza «mnyauko kuvu wa kahawa» na «mnyauko bakteria wa migomba», hata kama ni marefu.

Watafiti wa Kituza, Mukono, walipata aina saba za robusta sugu, KR1 hadi KR7, kisha wakaongeza hadi kumi. Miche hiyo huzalishwa kwa vipandikizi, kwa hiyo huenea polepole kuliko mahitaji. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiswahili ni lugha rasmi ya pili Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005. Lakini afisa ugani wa Bwera na mwenzake wa Kasindi bado wanahitaji karatasi moja, kwa lugha moja, inayotaja kuni.