Watoro wa Rabai na waraka wa Filemoni

Tarehe 1 Januari 1889, watu zaidi ya 1,400 waliokuwa wakiishi Rabai na katika vituo vingine vya misheni karibu na Mombasa walitangazwa kuwa huru. Wengi wao walikuwa watoro, watumwa waliowakimbia mabwana zao katika mashamba ya pwani, wakapanda vilima usiku na kujenga vibanda karibu na kanisa. Baadhi walikuwa wamekaa hapo miaka kadhaa, wameoa, wamezaa, wamebatizwa. Kwa sheria ya Sultani wa Zanzibar, iliyotawala Mombasa wakati huo, hadi jana yake walikuwa bado mali ya watu. Na wale waliowapokea na kuwafundisha kusoma walikuwa wameivunja sheria hiyo kwa miaka.

Mkristo amfanyeje mtumwa aliyetoroka anapobisha hodi? Swali hilo liliwagawa waumini kwa muda mrefu kabla ya Rabai, kwa sababu Biblia wanayoisoma ina sehemu mbili zinazoonekana kuvutana.

Sehemu ya kwanza ni Kumbukumbu la Torati 23:15-16. Hapo Waisraeli wanakatazwa kumkabidhi kwa bwana wake mtumwa aliyewakimbilia. Aachwe akae kwao, mahali atakapopapenda yeye mwenyewe, wala asionewe. Uzito wa amri hii unaonekana ukiiweka kando ya sheria za zama zile. Sheria za Hammurabi wa Babeli zilimhukumu kifo mtu aliyemficha mtumwa mtoro nyumbani mwake. Musa aliamuru kinyume kabisa.

Sehemu ya pili ni waraka wa Paulo kwa Filemoni, wenye mistari 25 tu. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, amekutana na Paulo kifungoni na kuwa Mkristo. Paulo anamrudisha kwa bwana wake, na waraka mkononi. Wenye watumwa waliokuwa Wakristo waliushika mstari huo wa kumrudisha na kuuachia hapo. Lakini waraka unaendelea. Paulo anamtaka Filemoni ampokee Onesimo kama ndugu mpendwa, aliye zaidi ya mtumwa, na kama kuna deni lolote, deni hilo aandikiwe Paulo. Anaahidi kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Ahadi hiyo ya kulipa ndiyo itakayoturudisha Rabai.

Mgongano huu ulilipuka Marekani mwaka 1850, Bunge la nchi hiyo lilipopitisha sheria ya kuwarudisha kwa nguvu watumwa waliokimbilia majimbo ya kaskazini. Moses Stuart, mwalimu maarufu wa Biblia katika chuo cha Andover, Massachusetts, aliandika kitabu kuitetea misimamo ya Seneta Daniel Webster aliyeiunga mkono sheria hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba amri ya Musa ilimhusu mtumwa aliyewakimbia wapagani. Mtoro wa Virginia bwana wake ni Mkristo mwenzetu, kwa hiyo tufuate mfano wa Paulo. Upande wa pili alisimama Seneta William Seward, aliyeliambia Baraza la Seneti mwezi Machi mwaka huohuo kwamba iko sheria iliyo juu kuliko Katiba. Stuart alikuwa bingwa wa Kiebrania. Ujuzi wake wote haukumsaidia kuona kwamba mtu aliyekimbia viboko hamuulizi anayempiga anasali wapi.

Robo karne baadaye swali likafika pwani yetu. Mwaka 1873 Bartle Frere alitumwa na Uingereza kumshinikiza Sultani Barghash, na tarehe 5 Juni mwaka huo ukatiwa saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Mkataba huo haukugusa utumwa wenyewe. Shamba la Malindi, la Takaungu au la Mombasa liliendelea kulimwa na watumwa, na kadhi aliendelea kuwatambua kuwa mali halali ya mabwana zao. Palikuwa basi na aina mbili za watu waliotoka utumwani. Waliokamatwa na manowari za Kiingereza ndani ya majahazi walihesabiwa kuwa huru mara moja. Aliyejitoa mwenyewe shambani, kwa miguu yake, alihesabiwa kuwa mwizi aliyejiiba.

Kwa ajili ya kundi la kwanza, mwaka 1875 shirika la Church Missionary Society (CMS) lilinunua ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa na kuanzisha kijiji cha Frere Town, chini ya William Salter Price. Kengele yake ilitundikwa kuwatahadharisha wakazi pale wavamizi walipoonekana, na hadi leo mtaa ule unaitwa Kengeleni. Kengele hiyo ilikuwa na kazi ya kweli. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kukivamia kijiji, wakiamini kinawavuta watumwa wao.

Wakubwa wa CMS walikuwa na jibu lao kwa kundi la pili: msiwapokee. Warumi 13 inamtaka Mkristo aitii mamlaka iliyopo, na mamlaka iliyopo ilikuwa ya Sultani. Balozi wa Uingereza huko Unguja, John Kirk, naye alionya kwamba misheni ikihifadhi watoro itazua vita. Serikali ya London yenyewe ilikuwa imejikwaa papo hapo. Mwaka 1875 wizara yake ya majeshi ya majini iliwaagiza makapteni wawarudishe watumwa waliokimbilia manowarini. Umma wa Uingereza ukapiga kelele hadi agizo likaondolewa.

Lakini mtu aliyekaa mlangoni Rabai hakuwa ofisini London. Aliitwa William Jones. Alitekwa akiwa mtoto katika nchi za bara upande wa kusini, akauzwa, akaokolewa baharini na Waingereza, akapelekwa India na kusomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik, ambako alijifunza uhunzi. Mwaka 1864 alikuja Mombasa pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Wote wawili walipewa ushemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington, na Jones ndiye aliyefuatana na askofu huyo katika safari ya Uganda ambamo Hannington aliuawa huko Busoga mwezi Oktoba mwaka huo. Jones akarudi Rabai na kuendelea na kazi.

Chini ya uangalizi wake Rabai ilijaa watoro. Walipokelewa, wakapewa mahali pa kulima, wakaingizwa madarasani, na waliotafutwa na mabwana zao hawakutolewa. Ukiyapima maisha ya kijiji kile kwa Biblia, ni Kumbukumbu la Torati 23 iliyotekelezwa neno kwa neno: akae mahali atakapopachagua, asionewe. Sioni ajabu kwamba aliyeitekeleza ni mtu aliyewahi kuuzwa. Wazungu wa misheni waliusoma mstari ule kama sheria ya Waisraeli wa kale. Jones na watu wake walikuwa na kila sababu ya kuusoma kama habari yao wenyewe.

Wala watoro hawakusubiri misheni iwakomboe. Walikuwa na vijiji vyao wenyewe msituni, na Witu ilijulikana pwani nzima kuwa kimbilio lao. Huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, Wakristo Waafrika waliunda makazi ya watoro yasiyokuwa na mzungu hata mmoja. Kiongozi wao, David Koi, aliuawa mwaka 1883 na watu wa wenye watumwa. Wako wanaomhesabu kuwa shahidi wa kwanza wa imani ya Kikristo katika nchi inayoitwa Kenya leo. Jina lake lilistahili kujulikana na kila mtoto wa Sunday school kuanzia Vanga hadi Lamu, na halijulikani.

Haki inataka yasemwe na mengine. Misheni haikuwa mbingu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wa Frere Town, J. R. Streeter, aliondolewa baada ya malalamiko kwamba wakazi walikuwa wakifungwa na kuchapwa viboko kwa ukatili. Watu waliookolewa kutoka kwenye kiboko walikikuta kingine kikiwasubiri chini ya bendera ya msalaba. Na haya yasisomwe kama kesi ya Wakristo dhidi ya Waislamu. Wapo Waislamu wengi wa pwani waliowaacha watumwa wao huru wakitafuta radhi za Mungu, kama dini yao inavyohimiza, na Wakristo wa Marekani walikuwa wamemiliki watumwa kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Mambo yakaiva mwaka 1888. Kampuni ya Waingereza ya Imperial British East Africa (IBEA) ilipewa hati ya kifalme na kukabidhiwa pwani ya Mombasa kwa niaba ya Sultani. Mwakilishi wake, George Mackenzie, alifika akikuta moto umewaka upande wa kusini, ambako Abushiri bin Salim na watu wa Pangani walikuwa wameinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Wakubwa wa Mombasa wakamwambia jambo moja: misheni imejaa watumwa wetu. Price, aliyekuwa Mombasa kwa mara ya tatu, aliamini agizo la kutopokea watoro lilikuwa likifuatwa. Ukaguzi ukamwonyesha mamia.

Kuwarudisha kusingewezekana bila damu, na kutowarudisha kungemwachia Mackenzie mji uliokasirika. Akachagua kuwalipa mabwana fidia. Fedha zilitoka kwa kampuni, kwa serikali ya Uingereza na kwa wafadhili wa misheni, na siku ya Mwaka Mpya watu wale wakawa huru mbele ya sheria.

Hapo ndipo ahadi ya Paulo ilipotimizwa kwa namna asiyoweza kuifikiria. Deni la Onesimo wa Rabai lililipwa na mtu mwingine, na Onesimo hakurudi. Lakini malipo yale yana doa. Kumlipa bwana ni kukiri kwamba alikuwa na haki ya kudai. Ubishi huo ulishazuka mwaka 1846, marafiki wa Kiingereza wa Frederick Douglass, mtoro mashuhuri wa Marekani, walipotoa pauni 150 kumnunulia uhuru wake. Baadhi ya wapinga utumwa wa Marekani waliwalaumu kwa kufanya biashara na mwizi. Wamisionari Wakatoliki wa Bagamoyo, walioanzisha kijiji chao mwaka 1868, walikuwa wakinunua watoto sokoni Unguja ili wawalee katika uhuru, nao waliambiwa kwamba fedha yao inaliendesha soko. Nasimama na Douglass: aliyefungwa hana anasa ya kusubiri hoja iishe. Ila kosa la 1889 ni hili, kwamba fidia ilikwenda kwa mabwana pekee. Aliyelima miaka kumi bila ujira alipata karatasi.

Sheria ilichelewa kumfikia Jones. Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba, lakini ukanda wa Mombasa ukaachwa, na Askofu Alfred Tucker akapinga waziwazi kwamba maofisa wa Kiingereza waliendelea kushiriki kuwarudisha watoro. Mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu wa Uingereza, Richard Webster, alilieleza Bunge kwamba Mwingereza anayefanya hivyo anavunja sheria ya nchi yake, popote alipo. Alichokifanya Jones kwa siri kilikuwa sasa ndicho sheria. Pwani ya Kenya ilisubiri hadi 1907. Tanganyika ilisubiri hadi 1922, baada ya Wajerumani kuondoka bila kuufuta utumwa moja kwa moja.

Na bado viongozi wa kanisa waligawanyika tena. Mwaka 1919 serikali ya Gavana Edward Northey wa Kenya iliwaagiza maofisa wake wahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na Dk. J. W. Arthur wa misheni ya Uskoti, walikosoa utaratibu huo lakini wakaikubali kazi ya lazima ikiwekewa masharti. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliikataa kabisa. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu akiishutumu Uingereza kwa kuwageuza Waafrika kuwa watwana wake. Imani moja na Biblia moja, na mmoja tu kati yao ndiye aliyesema kama watoro wa Rabai wangesema.

Rabai ipo, mwendo mfupi kutoka Mombasa, na makumbusho yake yamebeba jina la Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa 1844. Anastahili heshima hiyo. Jones na Koi wanaistahili pia. Wachungaji na makatekista wanaofundisha waraka wa Filemoni pwani ya Kenya na Tanzania, nawaomba: usomeni hadi mstari wa mwisho, uwekeni kando ya Kumbukumbu la Torati 23, kisha wasimulieni waumini habari za watu zaidi ya 1,400 wa Rabai na vituo jirani, na za mhunzi aliyekataa kuwatoa.