Kauri Zidakani, Chungu Jikoni

Kuna mahali katika Al-Inkishafi ambapo kila nikifika husimama. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeutunga utenzi huo mwanzoni mwa karne ya 19, anauchukua moyo wake na kuuonyesha majumba ya mawe ya Pate yaliyogeuka magofu. Taa zimezimika. Zidaka za ukutani, zilizokuwa zimepangwa sahani za kauri kutoka China, sasa zina makinda ya ndege. Waliokula katika sahani hizo wamo kaburini.

Mimi hubaki na swali la kimbea: chakula cha kwenye sahani hizo kilipikwa katika nini?

Katika chungu, bila shaka. Chungu cha udongo, kilichofinyangwa kwa mikono na kuchomwa kwa kuni. Hicho hakikuwekwa zidakani. Kilikaa jikoni juu ya mafiga kikikusanya masizi, na kilipopasuka kilitupwa jalalani, kikanunuliwa kingine. Hakuna aliyekitungia utenzi.

Wanahistoria nao kwa muda mrefu walitazama huko huko zidakani. James Kirkman, aliyeanza kuchimba magofu ya Gedi karibu na Malindi mwaka 1948, alitegemea sana vigae vya vyombo vya kigeni. Alikuwa na sababu: kauri ya China inajulikana ilitengenezwa enzi gani, hivyo humsaidia mchimbaji kukadiria umri wa tabaka alilolifikia. Lakini ukikitazama sana kilicholetwa na jahazi, ni rahisi kuamini kwamba mji wenyewe nao uliletwa na jahazi. Kitabu chake cha 1954 kiliiita Gedi, kwenye jalada lake, mji wa Waarabu.

Jibu lilikuwa jalalani. Miaka ya 1980, Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa hicho hicho cha Pate. Alianza na magofu ya mawe akashuka hadi tabaka za karne ya 8, ambako nyumba zilikuwa za miti na udongo. Vigae vya vyungu vya kienyeji vilikuwa vingi mno kuliko vya kigeni, na baadhi vilikuwa na pembetatu zilizochorwa kabla udongo haujakauka. Vyungu vya namna hiyo vimepatikana pwani yote hadi Komoro, na bara pia, mbali na bahari. Kwa upande wa Tanzania, Felix Chami aliviandikia tasnifu mwaka 1994, akavihusisha na vyungu vya wakulima na wafua chuma waliotangulia. Kwa hiyo walioanzisha Shanga walikuwa watu wa hapa. Wageni walikuja wakafanya biashara, wakaoa, wakaleta dini; lakini walikuta jiko limeshawashwa.

Simlaumu Sayyid Abdalla. Alitaka kuuonya moyo wake juu ya fahari, na fahari haikai jikoni. Ila wapo watu ambao wakifa hawaachi kauri: waliochota maji, waliosonga na kupakua, wengi wao watumwa katika majumba hayo hayo. Majina yao hayamo katika utenzi wala katika nasaba za masultani. Mtu akitaka kuwatafuta, aanzie kwenye kigae chenye masizi.

Nayasema haya nami nina deni. Bibi alipofariki, tuligawana vitu vyake. Sahani za maua zilizokuwa kabatini, ambazo hatukuruhusiwa kuzigusa, zilitaka kuleta ugomvi. Kanga zilikwisha siku ile ile. Chungu chake cha kupikia samaki hakuna aliyekiulizia. Miezi minne baadaye nilikikuta nyuma ya nyumba, kuku wakinywea maji. Mimi, ninayesomea shahada ya uzamili kuhusu vigae vya watu nisiowajua, nilikuwa nimepita pembeni yake mara ngapi?

Nilikiosha nikakibeba. Mama aliniuliza nitakipikia nini, na hosteli hairuhusu hata jiko la mkaa. Sikuwa na jibu. Kiko mezani kwangu, na masizi yake yamekataa kutoka. Nimemwomba mama aniandikie jina la mwanamke aliyekifinyanga, kama bado yupo mtu pale mtaani anayelikumbuka.