Baiskeli Isiyosimama: Boccioni na Uchoraji wa Kasi

Waswahili husema haraka haraka haina baraka. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwako vijana wa Italia walioamini kinyume chake. Tarehe 20 Februari 1909 mshairi Marinetti alichapisha ilani ya kundi lao, Wafuturisti, katika gazeti la Le Figaro la Paris. Humo aliisifu kasi kuwa ndio uzuri wa zama mpya. Alivisifu na vita pia.

Mchoraji Umberto Boccioni alijiunga nao, akakabiliwa na swali gumu: turubai haisogei, kasi itachorwaje? Sisi walimu wa lugha tuna njeo: alipita, anapita, atapita. Mchoraji hana.

Wenzake walikuwa na majibu yao. Mwaka 1912 Giacomo Balla alimchora mbwa mwenye miguu mingi mno, kama katika picha za Étienne-Jules Marey, Mfaransa aliyepiga hatua kadhaa za mwendo mmoja katika picha moja. Mwaka huohuo Jean Metzinger alichora mashindano ya baiskeli. Kichwa cha mwendeshaji kinapenya macho, watazamaji wanaonekana kupitia humo. Hata hivyo, mtu na baiskeli yake bado tunawatambua.

Boccioni alikwenda mbali zaidi. Katika picha yake ya mwendesha baiskeli ya mwaka 1913, mgongo, magurudumu na hewa vimechanganyika. Hatuoni mtu anapoishia na upepo unapoanzia. Kwa sarufi yetu, picha ya Metzinger inasema “anaendesha baiskeli.” Ya Boccioni ina -ki- tupu: akiinama, akikanyaga, akiukata upepo, wala hakuna kitenzi kikuu cha kuifunga sentensi.

Historia ndiyo iliyoifunga. Italia ilipoingia vitani mwaka 1915, Boccioni na Marinetti walijitolea katika kikosi cha waendesha baiskeli cha Lombardia. Chombo cha michezo kikawa chombo cha vita. Agosti 1916, akiwa mazoezini karibu na Verona, Boccioni alianguka kutoka juu ya farasi, akafariki akiwa na umri wa miaka 33.

Mwalimu mwenzangu, ukiipata picha hiyo, ipeleke darasani. Waambie wanafunzi waieleze, kisha sikiliza watachagua njeo gani.